Karatasi ya damu inaposema macho ya mama ni salama

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 58, anauza dagaa Kibirizi hapa Kigoma, na ana sukari tangu 2013. Anatumia metformini na glibenklamidi. Mwezi wa kumi na moja aliugua malaria kali, akalazwa na kuongezewa chupa mbili za damu. Wiki iliyopita, katikati ya Januari, maabara moja ya mjini ilimpima kifurushi wanachokiita cha sukari na macho. Majibu: HbA1c 6.4, hemoglobini 9.6, CRP 18, homosisteini 19, LDL 3.9, trigliseridi 2.8, kreatinini 118. Chini wameandika kuwa sukari imedhibitiwa na hatari ya macho ni ndogo. Mama kafurahi. Kliniki ya macho anasema haendi tena, maana anaona vizuri na anayaogopa yale matone. Ila kwa kidole, asubuhi anapata 11 mpaka 14. Tuamini kipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole kwa kuuguza, na umefanya vema kuuliza kabla mama hajaizoea furaha hiyo. Jibu fupi: aminini kidole, na mama aende kuangaliwa macho wiki hii au ijayo. Karatasi uliyonitumia nimeirudia zaidi ya mara moja. Maneno ya chini yanamwambia mama abaki nyumbani, lakini namba zilizo juu yake zinamwambia aondoke. Nitazipitia namba hizo pamoja nawe, kwa sababu wewe ndiye utakayekwenda kuongea naye, na mama aliyezoea kupatana bei na wachuuzi tangu alfajiri hatakubali kwa kuambiwa tu kwamba daktari kasema.

Nianze na HbA1c, kwa kuwa ndiyo iliyowapoteza. Hemoglobini ni ile protini nyekundu iliyo ndani ya chembe za damu, inayobeba oksijeni. Sukari inapozidi kwenye damu hujibandika juu yake, na ikishashika vizuri haibanduki tena mpaka chembe ile ife. Chembe nyekundu ya mtu mzima huishi siku 120 hivi. Kwa hiyo maabara ikihesabu ni asilimia ngapi ya hemoglobini imebandikwa sukari, na hiyo ndiyo HbA1c, inapata picha ya miezi miwili hadi mitatu iliyopita, tofauti na kidole kinachokupa dakika ile tu. Asilimia 6.4 inalingana na wastani wa sukari wa 7.6 hivi. Asilimia 8 ni kama 10.2, na asilimia 10 ni kama 13.4. Sasa jiulize: mtu ambaye wastani wake ni 7.6 anaamkaje na 11 mpaka 14 siku baada ya siku, tena kabla hajaweka kitu mdomoni? Haiwezekani. Namba mbili hizi haziwezi kuwa za kweli kwa wakati mmoja.

Kilichotokea kimo ndani ya barua yako mwenyewe. Malaria kali ilivunja chembe nyekundu za mama kwa wingi. Uboho wake ukaanza kutengeneza mpya haraka, na chembe changa haijakaa na sukari muda wa kutosha kubandikwa. Juu ya hapo aliongezewa chupa mbili za damu ya watu wengine, na kwa kawaida mchangia damu ni mtu asiye na sukari. Miezi miwili baadaye akapimwa. Ile 6.4 ni wastani wa damu ya mama, damu ya wale waliomchangia, na chembe zilizozaliwa juzi. Mashine haikukosea, ilipima kwa usahihi kitu ambacho hakikuwa tena historia ya mama. Mtu wa maabara asingejua asipouliza, na kwenye karatasi sioni mahali palipoandikwa kuwa aliulizwa kama aliugua au aliongezewa damu.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa watu wa Kigoma na Tabora. Mikoa hii miwili ni miongoni mwa ile inayoelemewa zaidi na malaria nchini. Katika kanda hizi za magharibi na ziwa wapo pia watu wengi waliorithi nusu ya selimundu, yaani wazima kabisa lakini wamebeba kinasaba kimoja, na wapo wenye upungufu wa kile kimeng'enya cha chembe nyekundu kiitwacho G6PD. Yote haya yanaweza kuishusha HbA1c bila sukari kushuka. Mwaka 2017 ulitoka uchambuzi mkubwa wa vinasaba uliokuta kuwa wanaume wenye aina ya Kiafrika ya upungufu wa G6PD husomeka chini kwa karibu pointi 0.8. Pointi hizo zinatosha kumgeuza mgonjwa aliye hatarini akaonekana mtu wa kupigiwa makofi. Upungufu wa madini ya chuma nao huvuta upande wa pili, huipandisha namba. Ndiyo maana HbA1c isiyolingana na kidole lazima ihojiwe, hata iwe inapendeza kiasi gani.

Naandika hivi kwa uchungu, na sababu ninayo. Miaka ile nikiwa Tabora nilikuwa na mgonjwa, mkulima wa tumbaku wa upande wa Urambo, mtu makini aliyekuja kliniki bila kukosa. Siku moja alikuja na HbA1c ya 6.1. Nikampongeza mbele ya wenzake. Sikumuuliza kama alikuwa ameugua, na alikuwa ametoka kwenye malaria mbaya wiki sita kabla. Kijitabu chake cha kidole kilijaa 12 na 13; nikadhani ni kifaa chake kibovu. Macho yake nikayaahirisha mpaka mwaka ujao. Baada ya miezi minne alirudi akisema jicho la kulia limeingiwa na moshi, kamba nyeusi zinaelea, na sura yangu haioni. Ilikuwa damu ndani ya jicho. Jicho lile halikurudi kama lilivyokuwa. Kosa lilikuwa langu, na tangu siku hiyo sisomi HbA1c ya mtu kabla ya kumuuliza ameugua nini na lini.

Usije ukamwambia mama kwamba kipimo hiki ni cha kutupa. Hakuna kiashiria cha damu kilichothibitishwa kuhusu macho kuliko hiki. Utafiti wa DCCT wa Marekani na Kanada, uliofuatilia watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza na kutoa majibu mwaka 1993, ulilinganisha waliodhibiti sukari kwa nguvu, HbA1c ikiwa karibu 7, na waliopata matibabu ya kawaida ya wakati huo, ikiwa karibu 9. Kwa wale ambao macho yao yalikuwa bado safi, hatari ya retina kuanza kuharibika ilipungua kwa asilimia 76. Kwa aina ya pili, ambayo kwa umri wake ndiyo inayoelekea kuwa ya mama, utafiti wa UKPDS wa Uingereza ulionyesha kuwa kila pointi moja ya HbA1c inayoshuka huenda pamoja na kupungua kwa asilimia 37 kwa madhara ya mishipa midogo, ya macho na figo. Kwa hiyo kipimo kirudiwe damu ya mama ikishakuwa yake mwenyewe: mwishoni mwa Machi au Aprili, kama hataugua tena katikati. Kwa sasa daftari la kidole litawatosha, asubuhi kabla ya kula na saa mbili baada ya mlo mkuu. Pakipatikana kipimo cha fruktosamini kinafaa pia, maana hicho hutazama sukari iliyobandika kwenye protini za maji ya damu kwa wiki mbili tatu zilizopita na hakijali chembe nyekundu.

Sasa swali lenyewe: damu inaweza kuonyesha kama sukari imeshafika machoni?

Nyuma ya jicho kuna utando uitwao retina, mwembamba kama robo ya milimita, ndio unaopokea picha na kuipeleka kwenye ubongo. Unalishwa na vimishipa vidogo mno, na kila kimoja kimekumbatiwa na seli zinazokishikilia kisitanuke ovyo. Sukari ikikaa juu miaka mingi, seli hizo za kukumbatia ndizo hufa mapema. Ukuta wa mshipa ukikosa mshikaji hufura vijipu vidogo kama vichwa vya pini. Vingine huvuja maji na mafuta, vingine hupasuka na kuacha madoa ya damu, vingine huziba kabisa. Maji yakivujia pale katikati, mahali tunapotumia kusoma na kutambua sura, uoni hufifia. Mishipa ikiziba sehemu kubwa, retina hukosa oksijeni na kuanza kuomba msaada: hutoa protini iitwayo VEGF inayoamuru mishipa mipya iote. Mishipa huota kweli, lakini dhaifu, mahali pasipostahili. Ikipasuka, jicho hujaa damu, kama la yule mkulima. Ikijenga makovu, makovu huvuta retina mpaka ibanduke ukutani kwake.

Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliichota ile rojo ya ndani ya macho ya wagonjwa waliokuwa wakifanyiwa upasuaji, wakaikuta VEGF imejaa kwa wale wenye mishipa mipya. Hapo ndipo zilipotokea sindano za jicho zinazotumika leo. Ungetegemea basi kwamba ukipima VEGF kwenye damu ya mkono utapata habari za jicho. Haiwi hivyo. Rojo ya jicho moja ni kama mililita nne, damu ya mtu mzima ni lita tano hivi, na kati ya jicho na damu kuna ukuta wa seli zilizobanana usiopitisha vitu ovyo. Isitoshe, chembe sahani za damu zimebeba VEGF yake zenyewe na huimwaga damu inapoganda kwenye kichupa cha maabara. Kinachopimwa mwishoni ni kelele ya mwili mzima, na sauti ya jicho imepotelea humo.

CRP na homosisteini zimenipa wasiwasi wa aina nyingine, kwa sababu ndizo zinazofanya kifurushi kionekane cha kisayansi. Ni kweli kuwa watafiti wamezikuta zikiwa juu zaidi, kwa wastani, kwenye makundi ya watu ambao retina zao zimeharibika. Lakini wastani wa kundi haukuambii habari za mama yako. CRP ni protini ya damu ambayo hupanda mwili ukipambana na chochote: jino bovu, kidonda cha mguu, njia ya mkojo, malaria yenyewe. Kwa mtu mwenye sukari, 18 inanifanya nimwangalie miguu na meno na kumpima mkojo. Kuhusu retina yake hainiambii neno. Mwambie avue viatu umtazame katikati ya vidole leo jioni.

Homosisteini ni aina ya asidi amino iliyomo kwenye damu. Ile 19 ya mama ni juu, mpaka wa kawaida huwa 15. Ina sababu mbili zilizo karibu zaidi na mama kuliko jicho. Metformini ikitumika miaka mingi hupunguza ufyonzwaji wa vitamini B12, na B12 ikipungua homosisteini hupanda. Figo zikichoka, hupanda vilevile. Nakuomba sana usikubali kuuziwa makopo ya vitamini za kushusha homosisteini ili kulinda macho. Jaribio la Kanada lililotangazwa 2010 liliwapa wagonjwa wa sukari wenye figo zilizoathirika dozi kubwa za vitamini B za aina hiyo. Homosisteini ilishuka kweli, lakini figo zao zilidhoofika haraka kuliko za waliopewa vidonge vitupu, na matukio kama kiharusi na mshtuko wa moyo yalikuwa mengi zaidi. Kama B12 ya mama ni ndogo itibiwe kwa kipimo chake, na daktari wake.

Mafuta ya damu yana hadithi ndefu kidogo. LDL, yaani yale mafuta mabaya, ya 3.9 na trigliseridi ya 2.8 kwa mwanamke wa miaka 58 mwenye sukari ni sababu ya kuongea na daktari kuhusu statini, dawa za kushusha mafuta hayo, hasa kwa ajili ya moyo na ubongo. Kwa macho, dawa iliyoonyesha faida kwenye majaribio ni fenofibrati, dawa nyingine ya mafuta ya damu. Utafiti wa FIELD uliohusisha watu 9,795 ulikuta waliotumia dawa hiyo walihitaji leza ya macho pungufu kwa karibu theluthi, na jaribio la Uskoti lililotoka 2024 likakuta maradhi ya retina kusonga mbele kumepungua kwa asilimia 27. Cha ajabu ni kwamba faida hiyo haikufuata sana kiwango cha mafuta kwenye damu. Lakini fenofibrati hupandisha kreatinini, na figo zikiwa dhaifu sana haifai, kwa hiyo mama asiinunue duka la dawa kwa kusikia kwangu.

Na kwa kuwa tuko Kigoma, lazima niseme la mawese. Nimesikia mara nyingi, Ujiji hasa, kwamba mtu wa sukari anywe mawese kijiko asubuhi yaokoe macho. Chanzo cha imani hiyo ni cha kweli: mawese mekundu yana wingi wa kile ambacho mwili hugeuza kuwa vitamini A, na mtoto mwenye upungufu wa vitamini hiyo asiyeona gizani anaweza kusaidika nayo. Tatizo la mama ni mishipa inayovuja, na vitamini A haizibi mshipa. Karibu nusu ya mafuta yaliyomo kwenye mawese ni ya ule upande unaopandisha LDL. Mgebuka wa kuungwa kwa mawese kiasi asiwanyime wageni wake, lakini kijiko cha dawa aache.

Namba iliyonifanya nikuandikie haraka ni kreatinini, taka ya misuli inayochujwa na figo. 118 kwa mwanaume kijana mwenye misuli isingenishtua. Kwa mwanamke wa miaka 58, ukiipeleka kwenye hesabu inayotumika kukadiria kazi ya figo, inatoka kama mililita 46 kwa dakika, wakati tungetarajia 90 au karibu yake. Figo na retina zinalishwa na mishipa midogo inayofanana, na sukari huila kwa namna inayofanana. Palipoharibika pamoja, mara nyingi na pengine pameguswa. Inawezekana malaria ile kali ndiyo iliyozijeruhi figo na bado zinapona, kwa hiyo kipimo kirudiwe, na mkojo upimwe albumini, protini ya damu, dhidi ya kreatinini. Ikizidi miligramu 30 kwa gramu, na ikabaki hivyo kwa miezi mitatu, hilo ni tangazo la mishipa midogo. Kijiti cha mkojo cha kawaida kinaweza kukosa kuona kiasi hicho cha mwanzo. Dawa pia ziangaliwe upya. Kazi ya figo ikishuka chini ya 45 dozi ya metformini hupunguzwa, chini ya 30 huachwa. Glibenklamidi hukaa mwilini figo zikichoka na inaweza kumdondosha sukari usiku, hata kama asubuhi anaamka na 14. Akiamka na jasho jingi, kutetemeka au kichwa kizito, apimwe saa ile ile.

Hemoglobini ya 9.6 nayo isipite. Retina inayobanwa oksijeni hubanwa zaidi damu ikiwa nyepesi. Katika utafiti mkubwa wa Marekani wa matibabu ya mapema ya retina, damu pungufu ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyotabiri nani angefika kwenye hatua mbaya. Itafutwe sababu: mabaki ya malaria, chuma, B12, au hizo figo.

Hukuniandikia presha ya mama, na kifurushi hakikuipima kwa kuwa si damu. Ni kipimo cha dakika mbili kinachozidi nusu ya vile mlivyolipia. UKPDS, katika majibu yake ya 1998, ilionyesha kuwa walioshushwa presha mpaka wastani wa 144/82, wakilinganishwa na waliobaki 154/87, walipungukiwa na kuharibika zaidi kwa retina kwa asilimia 34.

Weka sasa yote pamoja: zaidi ya miaka kumi na sukari, kidole 11 mpaka 14, figo zenye mashaka, damu pungufu, mafuta ya juu. Mtu aliyesoma HbA1c peke yake aliandika hatari ndogo. Mimi naona mtu ambaye retina yake inatakiwa kuangaliwa kabla ya mambo mengine mengi. Ukikusanya tafiti za nchi mbalimbali, karibu mtu mmoja kati ya watatu wenye sukari ana dalili za ugonjwa huu wa retina, na mmoja kati ya kumi yuko kwenye hatua ya kutishia uoni. Katika UKPDS zaidi ya theluthi walikutwa na alama kwenye jicho siku walipogunduliwa tu kuwa na sukari.

Mama anasema anaona vizuri. Namwamini. Ugonjwa huu hauumi, hauwashi, haumfanyi mtu achanganye dagaa na mchanga. Madoa yanaweza kutapakaa retina nzima huku ile sehemu ya katikati ikiwa bado safi, na mtu anasoma ujumbe wa simu bila shida. Tofauti na mtoto wa jicho, anayeleta ukungu polepole mpaka mtu mwenyewe aombe msaada na akifanyiwa upasuaji aone tena, huyu wa retina hutoa taarifa akiwa ameshaharibu. Wakati wa kutibu ni huu ambao mgonjwa anaona vizuri.

Kuhusu matone, msikilize kwanza, usimcheke. Watu wamewaona jamaa zao wakipelekwa kliniki ya macho, wakawekewa matone, na baadaye wakawa vipofu. Walikwenda wakiwa wamechelewa, na tone likalaumiwa kwa kazi ya sukari. Kazi ya matone ni kuipanua mboni ili daktari aone chumba chote cha nyuma badala ya kuchungulia kwenye tundu la ufunguo. Kwa saa nne mpaka sita ataona ukungu kwa vitu vya karibu na jua litamuumiza, kisha inaisha. Asiende peke yake, avae kofia au ajifunike kanga, na asipande bodaboda bila mtu wake. Mara chache sana presha ya jicho inaweza kupanda baada ya matone; akipata maumivu makali ya jicho, wekundu na kichefuchefu, arudi siku hiyo hiyo bila kusubiri asubuhi.

Anzieni kliniki ya macho ya Maweni, kwa kuwa ndiyo hospitali ya rufaa ya mkoa. Semeni wazi: tunataka retina iangaliwe kwa mboni iliyopanuliwa, kwa sababu ya sukari. Ukisema tu kwamba macho yanasumbua, unaweza kupimiwa miwani ukarudishwa. Safari ikiwa ndicho kikwazo, kitu kinachoweza kumfikishia mtu huduma alipo ni kamera ya retina, wala si kichupa cha damu. Picha hupigwa na muuguzi aliyefundishwa, kisha husomwa na mtaalamu aliye mbali, na tangu 2018 Marekani imeidhinisha hata programu ya kompyuta inayoisoma yenyewe. Ulizieni kama kliniki inayo.

Wakikuta retina safi, arudi kila mwaka. Wakikuta mwanzo tu, watamtaka arudi mapema zaidi, na kazi kubwa itakuwa sukari, presha na figo. Wakikuta mishipa mipya au maji katikati, atapewa rufaa kwenda penye leza au sindano za ndani ya jicho. Leza, tangu utafiti wa Marekani wa mwaka 1976, inajulikana kupunguza upotevu mkubwa wa uoni kwa zaidi ya nusu. Hairudishi kilichokwisha kupotea, inalinda kilichobaki. Kabla ya kufunga safari pigeni simu huko mnakopelekwa, muulize kama mashine inafanya kazi na daktari wa retina anakuwepo siku gani. Nimeona watu wakiuza mbuzi kwa ajili ya nauli wakafika mashine ikiwa imefungwa.

Kuna sababu moja zaidi ya macho kutangulia. Daktari wa sukari akiona daftari la kidole atataka kubadilisha dawa, huenda aanze insulini. Sukari iliyokaa juu miaka mingi ikishushwa kwa ghafla, retina inaweza kuzorota kwa muda kabla ya kunufaika. Kwenye DCCT ilitokea kwa asilimia 13 ya waliodhibitiwa kwa nguvu mwanzoni, dhidi ya karibu asilimia 8 ya wengine, ingawa baada ya miaka waliodhibitiwa ndio waliobaki na macho bora. Insulini asiikatae. Ila anayemwanzishia ajue hali ya retina ikoje, ashushe kwa hatua, na macho yaangaliwe tena baada ya miezi michache.

Najua mama atasema hana nafasi, mizigo inamsubiri ufukweni. Tazama kalenda ya mwezi. Siku za mbalamwezi, taa za wavuvi hazivuti dagaa, vipe, yaani vyombo vyao, vinapumzika na Kibirizi kunapoa. Mpeleke siku hizo, asubuhi, na karatasi hii ya maabara mkononi. Juu yake uandike kwa kalamu tarehe aliyolazwa na tarehe aliyoongezewa damu.